Kamera ya Kurekodia Mawindo

Neville, mwindaji mzee, alikuwa ametulia kwenye basi la kwenda mji wa Tuatapere mpaka kijana wa kiti cha pembeni, Ihaia, alipomuuliza anunue kamera gani ya kuanzia, ya kurekodia mawindo.

"Yoyote inayovuta picha karibu!" alifoka. "Kulungu ajae kioo kizima, mlima usionekane! Mpwa wangu kanunua ya bei poa, inachukua mpaka kilele chetu chenye pengo, akairusha video mtandaoni. Miaka thelathini bonde letu halikumjua mgeni. Sasa limekuwa soko! Watu hawana haya!"

"Pole, mzee," akasema Ihaia.

Basi likasimama kwenye geti la kijani la kuingilia bonde lile. Neville akabeba begi lake. Ihaia naye akabeba lake.

"We unakwenda wapi?"

"Kwenye kilele chenye pengo, mzee."