Mama Imakulata na Ng'ombe Wanne wa Hirbadaw

Basi, kama nilivyokuwa nikiwaambia kwenye chai, bila Mama Imakulata Akonaay mimi ningekuwa bado nyumbani kwa baba. Tarehe 30 Juni 2012 anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutunza kumbukumbu za mifugo katika ushirika wetu.

Alianza mwaka 1979 kwenye josho la Tlawi, akiandika kila ng'ombe anayeogeshwa. Soko huria lilipoingia, dawa zikaanza kuletwa na kila mwenye gari, naye akawa anasoma kila karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa hadi nukta ya mwisho. Mkoa wa Manyara ulipozaliwa kutoka Arusha, alilifuta neno Arusha kwa rula na kalamu nyekundu kwenye kadi elfu nne, akifurahi kama anayepaka rangi nyumba mpya.

Mwaka jana ushirika ulinunua programu ya kompyuta ya kuandikisha mifugo. Ilikuwa ya kufungwa: unaitumia, ndani huoni. Programu hiyo ilikubali jina moja tu kwa kila ng'ombe, jina la mwenye boma anakolala. Huku kwetu, nani analaza ng'ombe wake wote sehemu moja? Renatus wangu (niacheni niandike tena, Renatus wangu), wakati huo mchumba tu, alikuwa na ng'ombe wanne wa mahari, wamewekwa kwa Mzee Pascal kule Hirbadaw. Baba akaja ofisini kuhakikisha, karatasi ikamwambia Renatus hana hata mkia. Mzee Pascal alifunga safari kuapa kwamba si wake. Baba akamjibu, "Wewe unamwonea huruma kijana. Karatasi haina huruma." Harusi ikasimama. Nililia nikilowesha kadi za chanjo, na Mama Imakulata akazisogeza mbali nami, kadi kwanza, kisha akanipa kitambaa.

Ndipo akafungua faili la leseni kwenye sidii ya programu, faili ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Lilikuwa la Kiingereza, akalisoma wiki tatu, kila mchana, akiwa na kamusi ya shule. Tulimcheka sana. Akagundua kwamba sehemu ya kutunza majina haikuwa ya kampuni. Ilikuwa maktaba ya wazi, yaani kipande cha programu kilichoandikwa na watu wengine, wakakiacha kitumiwe na yeyote. Ile ya asili ilikuwa na nafasi ya mwenye mali na ya mfugaji. Kampuni iliigeuza, ikafuta moja, na faili lenyewe lilikiri hivyo.

Mama akaiandikia kampuni kudai hiyo sehemu, na kijana wao alipiga simu bila shikamoo, akasema programu yao ni siri. Mama akamwambia siri yao haitaki. Akamweleza leseni kwa namna ambayo mtoto wa Mbulu angeielewa: "Umewekewa ng'ombe wa mtu. Maziwa unakunywa, unayapikia nini sisi hatuulizi. Lakini akizaa, ndama unamtaja kwa mwenye ng'ombe." Yaani kuiunganisha maktaba na programu ya kufungwa ni ruksa. Ila ukiigeuza, unatoa maandishi ya ndani ya hiyo uliyoigeuza kwa uliyempa programu, na unamwachia nafasi ya kuibadilisha. Kijana akasema, "Shikamoo, mama."

Maandishi yalifika baada ya siku tisa. Mwalimu Abdulswamad, anayefundisha kompyuta Katesh, aliirudisha nafasi iliyofutwa kwa alasiri mbili. Programu ya kampuni hakuigusa. Karatasi mpya ikatoka: mwenye mali Renatus, mfugaji Pascal. Baba aliisoma mara mbili, akaigeuza nyuma aone kama kuna hila, akauliza harusi ni lini.

Harusi ilikuwa Mei mwaka huu. Karatasi ile ipo ukutani kwetu, imekaa juu ya picha ya harusi, na Renatus anasema mimi ndiye niliyeichagulia mahali. Ni kweli.

Mama Imakulata, tunakushukuru kwa kusoma yale ambayo sisi tuliyaruka. Upumzike Tlawi ukiwa na afya, na macho yako yasome yanayokufurahisha tu. Kabla Julai haijaisha, mimi na Renatus tutafika kwako na mtamba mmoja, tumweke bomani mwako. Maziwa ni yako. Ndama ututajie.