Aliyekimbia na Furushi Mgongoni

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha magunia. Jina alilopewa na wazazi limeandikwa kwenye jeneza, lakini wengi wenu mkilisikia mtauliza ni nani huyo. Mlimjua kwa jina moja tu, Furushi. Basi na sisi wa familia tutamwita hivyo hivyo, asije akadhani tunamzika mtu mwingine.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Alikuwa mtoto wa maswali, tena yale ya kuwachosha wakubwa. Dada yake anakumbuka siku alipoifungua kengele ya shule kwa spana ili aone sauti inakaa wapi. Mwalimu mkuu alimshika sikio akamuuliza, "Haya, umeiona?" Akajibu, "Bado, mwalimu. Umenikatiza." Alichapwa, na kengele ile haikulia vizuri tena.

Mwaka 1974 alianza kazi ya kupaka rangi nyumba. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo usiotulia. Akimaliza chumba, anawauliza wenyewe kitanda kitakaa upande gani, na nani atalala karibu na dirisha. Wengine walimwona mmbeya. Mwenyewe alisema mtu huwezi kupaka ukuta usioujua utatazamwa na nani.

Mwaka 1993 ngazi iliteleza, mguu wa kushoto ukavunjika, nao haukuunga sawasawa. Kazi ikakatika, kodi ikamshinda, mwenye nyumba akabadilisha kufuli. Hakumwambia hata dada yake. Aibu ilimziba mdomo, na hilo linatuuma mpaka leo. Alilala kwenye baraza za maduka, kisha stendi. Asubuhi moja aliweka vitu vyake chini ili anawe uso bombani. Kugeuka, hola! Brashi, shati, na picha pekee ya mama yake, vyote vimekwenda. Tangu siku hiyo kila alichokipata alikifunga kwenye shuka na kukibeba mgongoni, hata akienda msalani. Hapo ndipo jina lilipozaliwa.

Mwaka 1997 nesi mmoja wa zahanati, pamoja na mzimamoto mstaafu, walianzisha timu ya mpira ya watu wasio na pa kulala. Walichezea uwanja ulioko nyuma ya kituo cha zimamoto, na Furushi akawekwa beki. Timu ilifungwa na kila aliyepita. Mzimamoto alipiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Jamani, mnacheza mpira au mnalinda benki?" Ni Furushi aliyegundua tatizo, maana alikuwa nalo mwenyewe. Kila mchezaji alikuwa ameacha mzigo wake pembeni, na badala ya kuutazama mpira alikuwa anautazama mzigo. Akatoka uwanjani akichechemea, akaikusanya mizigo yote, akakaa katikati yake. "Nyie chezeni," akasema. "Vitu vyenu viko kwangu." Siku hiyo timu ilitoka sare, watu wakashangilia kana kwamba wamechukua kombe.

Mwaka uliofuata zikaanza mbio za hisani, za kuwatafutia wachezaji vyumba vya kupanga. Furushi naye akakimbia, furushi mgongoni, maana angemwachia nani? Watazamaji wakadhani ni mbwembwe za mbio. Mwaka wa pili wakaja watu na suti zao za michezo, migongoni wamefunga mito na mablanketi! Furushi akamsogelea bwana mmoja mwenye kitambi akamuuliza kwa huruma, "Pole, ndugu. Na wewe wamekufukuza?" Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaanza kuuliza maswali ya maana. Chumba cha kwanza cha Furushi kilikuwa kwenye nyumba ya bwana yule, na rangi alipaka mwenyewe.

Kwenye mbio hizo hizo alikutana na mshona jezi wa timu. Kila mwaka mama huyo alimwambia, "Lete nikushikie," na kila mwaka alikataa. Mara moja tu alikubali, akakimbia huku akigeuka nyuma, akaivaa meza ya maji. Walioana tarehe 9 Juni 2001, wakajaliwa binti mmoja.

Lakini kuna jambo lilimsumbua mkewe. Mumewe ana chumba, ana kabati, ana ufunguo. Mbona furushi halipungui, linaongezeka? Na kwenye mbio halimtoki mgongoni? Akimuuliza kuna nini humo, jibu lilikuwa lile lile: "Vya watu hivyo." Mama akakasirika, akaona anafichwa. Kwamba mtu mwenye maswali mengi vile alikuwa na jibu moja fupi, hilo lilimchoma zaidi.

Kuanzia mwaka 2021 marehemu alisumbuliwa na mapafu. Mwezi Januari mwaka huu wa 2024 alilazwa, na furushi likalala chini ya kitanda chake. Alfajiri ya tarehe 3 Februari alimwambia mkewe, "Nishikie," akafariki akiwa na miaka sitini na sita.

Jumatatu mkewe alilifungua. Kiatu kimoja cha mpira. Redio isiyo na betri. Rozari. Kiatu cha mtoto, chekundu. Picha za watu tusiowajua. Kila kimoja kimefungwa kipande cha jezi chenye namba ya mwenye kitu, ili Furushi asisahau ni cha nani. Vilikuwa vya wachezaji waliomwachia siku ya mechi wakapotelea mjini, naye alivibeba kwenye mbio akitumaini mwenyewe yuko miongoni mwa watazamaji, ataliona furushi aje kuchukua chake. Mama alilia, akasema, "Kumbe alikuwa ananijibu." Jana mchana alikuja dereva mmoja wa lori kutoa pole. Alikiona kile kiatu chekundu, akakaa chini, akakikumbatia.

Marehemu ameacha mjane, binti, dada, wajukuu wawili, na timu nzima. Vitu vilivyobaki viko mezani karibu na geti. Mjane atakaa hapo mpaka mtu wa mwisho aondoke. Ukiona chako, chukua. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi.

Pumzika, Furushi. Vya watu viko kwetu.