Mwalimu Eustakia na Grafu ya Nzi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kushika chaki, Mwalimu Eustakia Bukuru anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alianza Murusagamba, wilayani Ngara, akahamia shuleni kwetu Runazi, Biharamulo, mwaka 2008. Tangu siku hiyo hakuna mwalimu aliyekula muhogo hapa bila kuulizwa kama amenawa.

Hakusubiri kipindi cha afya. Imla yake ilihusu kukata kucha. Jiografia yake ilianzia chooni ikateremka hadi kisimani, na mtoto aliyechora ramani hiyo hakuyanywa tena maji yale bila kuyachemsha. Jioni watoto waliwafundisha wazazi wao kwa Kisubi na Kirundi. Wazazi walikuja juu kidogo, kisha wakachimba vyoo.

Mwaka 2017 alituumbua. Somo lilikuwa Hisabati, mada takwimu. Darasa la Nne lilizunguka vyooni na madaftari, likahesabu nzi kwa dakika tano kila choo, likachora grafu ukutani. Mhimili wa choo cha walimu ulipita karatasi, ikabidi ibandikwe ya pili juu yake! Na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kikao cha wazazi. Loo!

Mwalimu mmoja alikasirika, akamshtaki kwa Afisa Elimu Kata kwamba anawadhalilisha wenzake. Eustakia akapewa barua ya kujieleza, na fununu zikavuma kwamba ataondolewa darasani. Aliambiwa aibandue grafu, yaishe. Alikataa katakata, maana watoto walikuwa wamehesabu sawasawa.

Afisa alipokuja kusikiliza shauri, aliomba kwanza kwenda msalani. Tukamwelekeza choo chetu. Alirudi upesi mno, akaitazama grafu kwa muda, na shauri likafia hapo. Jumamosi yake walimu wote tulishika majembe, tukachimba choo kipya na kuweka kibuyu chirizi cha kunawia.

Aliyemshtaki ni mimi, Idefonsi, mwalimu wa taaluma. Alijua. Miaka minane tumekunywa chai meza moja, hajanisema hata mara moja, nami nimeona haya kumwomba radhi. Leo nasema mbele ya wote: dada yangu, nilikosea, nisamehe.

Asante kwa kila mtoto aliyekaa darasani badala ya kulala zahanati. Ustaafu wako uwe wa heri huko nyumbani kwako Bugarama, na migomba ikustawie. Siku ya sherehe ya kukuaga nimekuwekea kiti kando yangu. Ukikikalia, nitajua yamekwisha.