Philippe Kabamba na Chipu Moja Iliyobaki

Philippe Kabamba, tunayemzika leo, alizaliwa Shituru tarehe 14 Machi 1951, kifungua mimba wa Augustin, dereva wa treni, na Claire.

Alisoma shule ya msingi palepale, kisha ufundi mjini Likasi, akapata diploma ya elektroniki mwaka 1971. Alitengeneza mitambo ya kiwandani miaka ishirini, hadi kazi iliposimama. Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na Gertrude, mtu pekee aliyemshinda kwa ubishi.

Binti yao wa mwisho, Danielle, alizaliwa njiti Juni 1993. Mashine ya joto ya maternité, wodi ya wazazi, ambamo njiti hulazwa, ilikuwa imezimika: chipu inayofungua na kufunga umeme wake, maelfu ya mara kila sekunde, ilikuwa imeungua. Philippe alikuwa na chipu mbili tu. Moja aliiweka kwa haraka, adhuhuri, nayo ikaungua. Kesho yake Danielle alifariki.

Philippe hakuthubutu kuigusa ya pili kabla ya kuiga kazi yake kwenye kompyuta kuukuu ya mapadri. Miezi minne kila kitu kilikwenda sawa kwenye kioo, na hilo ndilo lililomtesa, kwani halikueleza kwa nini ile ya kwanza iliungua. Siku moja Gertrude alimletea chakula, akatazama tarakimu za volti.

“Weye unaweka deux cent vingt,” alisema, yaani mia mbili na ishirini. “Saa ya kupika bukari, nani iko na deux cent vingt hapa Likasi?”

Philippe akaandika cent cinquante, mia na hamsini, kama umeme unavyoshuka watu wote wakipika ugali. Kwenye kioo, chipu ilizidi kuuacha umeme wazi ili kufidia upungufu, hadi mkondo ukapita kiasi, ikaungua. Alilia, kwani ile ya kwanza aliiweka saa hiyohiyo ya kupika. Kisha akasuka koili nene zaidi, akajaribu upya mpaka ikahimili.

Novemba jirani yao Julie alijifungua njiti, Noëlla. Chipu ya mwisho iliwekwa asubuhi. Saa sita majiko yote ya umeme ya mtaa yakawashwa, taa zikafifia. Julie aliukamata mkono wa Gertrude. Hadi saa tisa Philippe hakubandua macho kwenye mashine, nayo haikuzimika.

Figo zilianza kumsumbua Mei 1998. Alifariki tarehe 9 Oktoba, nyumbani.

Ameacha mjane, Gertrude, watoto Magloire na Bibiane, na watoto kumi na saba waliolala ndani ya mashine ile. Mama zao wamekuja nao, wako hapa. Aliomba azikwe kando ya Danielle, apate kumwomba msamaha. Gertrude alimjibu, “Mutoto hana na kitu ya kukusamehe.”

Pumzika kwa amani, Papa Danielle.