Karatasi Mbili Sawasawa

ZUBEIDA: Haloo? Nani mwenzangu?

NYAWIRA: Ni mimi, Nyawira. Leo hujashika simu ukasema "niambie, dereva".

ZUBEIDA: Namba yako nilifuta.

NYAWIRA: Sasa, Zubeida?

ZUBEIDA: Poa. Mbona upepo hivyo?

NYAWIRA: Niko nje ya ploti, hapa nyumbani Mwihoko. Ndani kuna watu— unanisikia?

ZUBEIDA: Unakatika. Sogea.

NYAWIRA: Ephantus amenipigia, yule wa mayai wa Gatuanyaga. Anataka niendeshe pikapu yake kuanzia Jumatatu.

ZUBEIDA: Hiyo kazi aliniahidi mimi.

NYAWIRA: Najua. Anasema hawezi kungoja urudie mtihani wa udereva—

ZUBEIDA: Si una leseni? Endesha.

NYAWIRA: Sijamjibu.

ZUBEIDA: Ati unaniomba ruhusa? Siku ya mtihani hukuomba.

NYAWIRA: Ile siku—

ZUBEIDA: Karatasi mbili sawasawa, Nyawira. Hata neno nililokata, wewe pia umeliandika ukalikata. Nani hunakili neno lililokatwa?

NYAWIRA: Zubeida—

ZUBEIDA: Mwalimu akauliza ni nani ameangalizia. Wewe ukaangalia viatu. Mimi ndiye nilipeana karatasi mwisho, basi mwizi nikawa mimi.

NYAWIRA: Niliogopa.

ZUBEIDA: Uliogopa nini? Wiki tatu nakusomea kile kitabu cha sheria za barabara pale kwetu, mama anakuwekea chai. Nikikosea, wewe ndiye ulikuwa unanirekebisha. Kwa raundabauti nani anapita kwanza?

NYAWIRA: Gari la kulia, lile limeshaingia.

ZUBEIDA: Umejiona? Kitabu chote unacho kichwani. Ungekuwa mjinga ningekusamehe. Ulitaka nini kwa karatasi yangu?

NYAWIRA: Kredo inaisha, ngoja niku—

ZUBEIDA: Ukikata leo, usinipigie tena.

NYAWIRA: Wewe ndiye ulikuwa unasoma. Mimi nilikuwa nasikiliza.

ZUBEIDA: Ndiyo. Kwa hivyo?

NYAWIRA: Alama za barabara nazijua, ni picha. Ile karatasi ilikuwa maneno matupu. Nikachora vile ulichora.

ZUBEIDA: Ukachora?

NYAWIRA: Lile ulilokata, nilidhani ndivyo linaandikwa.

ZUBEIDA: Nyawira. Kwani wewe—

NYAWIRA: Ngoja, nisije nikashindwa. Kesho asubuhi naenda kwa mwalimu, hiyo leseni wakitaka waichukue. Lakini nilitaka usikie kwanza wewe. Sijui kusoma.