Mwalimu Aliyewatafuta Walioacha Piano

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipo, iwe jikoni, dukani au mfukoni, iongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mwalimu wa piano. Alifariki dunia wiki mbili zilizopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua moyo kwa muda mrefu.

Alifundisha piano maisha yake yote ya utu uzima. Lakini walimu wa piano wako wengi, na wazuri wapo. Huyu tunamkumbuka kwa sababu aliwafundisha walimu wenzake. Na kabla ya kuwafundisha, alifanya jambo ambalo mimi binafsi sijawahi kusikia mwalimu mwingine amelifanya. Aliwatafuta wanafunzi walioacha. Akawauliza kwa nini.

Narudia, maana hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Hakuwatafuta waliofaulu ili wamsifu. Aliwatafuta walioacha. Ndiyo maana watu walimbandika jina la Mwalimu Kwanini. Hata siku ya mazishi, waliosoma rambirambi walimwita hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Juzi nilikwenda nyumbani kwake. Nilitaka kuiona sebule aliyofundishia. Ni ndogo. Piano ya mbao nyeusi imeegemea ukuta wa ndani, mbali na dirisha, ili jua lisiiharibu. Juu yake pana kitambaa cha kufuma na kikombe cha penseli. Aliyenipokea ni mdogo wake wa kiume. Yeye ni fundi wa kurekebisha piano, na ni mtu wa maneno mengi.

"Karibu, keti," akaniambia. "Lakini usikae hapo. Hapo pa mwanafunzi. Ukikaa hapo nitalazimika kukufundisha, na mimi sijui."

Nikamuuliza dada yake alianzaje. Akasema alianzia kwenye ukumbi wa shule, kwa mwalimu aliyefundisha huku ameshika rula. Ukikosea nota, rula inashuka vidoleni.

"Dada alikuwa anarudi nyumbani vidole vimevimba, hata kushika kijiko kazi. Kesho yake anakwenda tena. Nikawa namwambia, dada, wewe ama una kipaji ama una wazimu. Ananijibu, hebu tusubiri tuone."

Alipokuwa mwalimu yeye mwenyewe, aliiweka rula kando. Alifundisha kwa upole. Watoto walikuja, walijifunza, walifanya mitihani, walifaulu. Wazazi walimsifu. Miaka ikaenda.

Sasa sikilizeni kilichotokea dukani.

Siku hiyo alikwenda kununua rangi ya ukuta. Umri wake ulikuwa umeshagonga hamsini. Muuza rangi alipoinua uso, akaruka kutoka nyuma ya kaunta.

"Mwalimu! Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Mikono yako imejaa rangi hivyo, piano unaipiga saa ngapi?"

Kijana akacheka. "Piano? Mwalimu, tangu siku ya mtihani sijaigusa."

"Si ulifaulu? Si wewe uliyewapita wenzako wote?"

"Ndiyo sababu. Nilifaulu, nikajua nimemaliza."

Mdogo wake anasimulia yaliyofuata nyumbani. "Alirudi mikono mitupu. Nikamuuliza, rangi iko wapi? Ananiambia, 'Mdogo wangu, hivi piano huwa inamalizwa?' Nikamwambia, mimi naulizia rangi."

Mwingine angekasirika. Mwingine angesema vijana wa siku hizi hawana shukrani. Mwalimu huyu hakukasirika. Alishikwa na hamu ya kujua. Akaanza kuhesabu kichwani: katika wote niliowafundisha, ni wangapi bado wanapiga? Aliwapata wachache mno. Na wengine je? Wako wapi? Kwa nini waliacha? Akaamua kuwatafuta. Mmoja baada ya mwingine. Kazini kwao, majumbani kwao, barabarani.

Majibu aliyoyapata, wasikilizaji wapendwa, si yale aliyoyatarajia. Alidhani watamwambia piano ni ngumu. Hakuna aliyesema hivyo.

Mwanasheria mmoja, mama mwenye ofisi yake ghorofani, alimjibu hivi: "Kila wiki uliniambia 'vizuri.' Nikipiga vizuri, 'vizuri.' Nikiboronga, 'vizuri.' Mwisho nikaona hunisikilizi."

Mwoka mikate naye alijifuta unga mikononi, akafikiri, akasema: "Kiti, mwalimu."

"Kiti kimefanyaje?"

"Kilikuwa kirefu. Miguu yangu haikufika chini. Muda wote nilikuwa nahisi nitaanguka. Wewe unasema bonyeza kwa nguvu, mimi nawaza kuanguka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa na miaka saba, mwalimu. Nilidhani piano iko hivyo."

Alasiri hiyo mdogo wake alimkuta sebuleni, kiti cha piano kimepandishwa juu ya matofali, na mwalimu mzima ameketi juu yake, miguu inaning'inia, anapiga kiwimbo cha watoto huku anatetemeka.

"Nikamwambia, dada, shuka, utavunja nyonga, na mimi kukubeba siwezi. Akasema, 'Ngoja kwanza. Kumbe huku juu mtu huwezi kubonyeza! Mwili wote unaogopa. Na mimi nilikuwa namwita mtoto wa watu mvivu.' Machozi yanamlengalenga. Nikaenda nikamtengenezea kisanduku cha kukanyagia. Mpaka leo kipo, angalia pale chini."

Nilikiangalia. Ni kisanduku cha mbao, kimelika pande mbili kwa visigino vya watoto.

Basi mwalimu akajiuliza: kama mimi sikuyajua haya, wenzangu wanayajua? Ndipo yalipoanza yale mafunzo. Aliwaalika walimu wote wa muziki mjini waje sebuleni kwake. Si kusikiliza hotuba. Kila mmoja aje na mwanafunzi wake, afundishe mbele ya wenzake, na wenzake wamtazame.

Walimu, nisameheni, lakini mnajijua. Mwalimu hapendi kutazamwa. Kinyozi hajinyoi, na mbaya zaidi, hataki kinyozi mwenzake amnyoe. Mara ya kwanza walikuja wawili. Mmoja wao alikiri kwamba alidhani ni shughuli ya chakula.

Sharti lilikuwa moja. Ukimaliza kumtazama mwenzako, huruhusiwi kusema "vizuri" wala "vibaya." Unaruhusiwa kuuliza tu. Na unauliza lile ambalo kweli hulijui.

Mkutano wa tatu alikuja mwalimu wa kwaya, mtu mwenye jina, mrefu, na kofia yake nzuri. Akafundisha. Akamaliza, akawa anangoja sifa. Mwalimu mwenzake, dada mmoja mpole, akamuuliza: "Samahani kaka, kwa nini ulitazama mikono ya mtoto tu, usoni hukumtazama?"

Huyo mwalimu wa kwaya nilizungumza naye kwa simu. Sasa ni mzee, sauti bado nzito. "Niliondoka kwa hasira," akaniambia. "Nilitoka kwa kishindo mpaka nikasahau kofia. Nikakaa wiki nzima bila kofia. Lakini lile swali lilinifuata. Nikifundisha, liko. Nikila, liko. Mkutano uliofuata nikaenda kuchukua kofia. Mwalimu akaniambia, 'Kofia yako ile pale. Na kiti chako hiki hapa.' Nikakaa. Nimekaa miaka yote hii."

Hivyo ndivyo mafunzo yalivyokua. Walikuja walimu wa piano, wa gitaa, wa kwaya, wa shule, wengine kutoka miji ya mbali. Sebule ikawa haitoshi, wakahamia ukumbi wa shule. Walimu waliokuwa wamekata tamaa walirudi kufundisha kwa moyo mpya. Mmoja aliniambia alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi, akaichana.

Lakini ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na mtu mmoja aliyeacha piano ambaye hakuulizwa. Binti yake.

Binti alianza kupiga kabla ya kwenda shule. Watu walisema atampita mama. Akiwa na miaka kumi na minne alifunga kifuniko cha piano, akasema basi. Mama hakuuliza. Binti hakueleza. Likawa jambo la kupitwa pembeni, kama kiti kibovu ambacho kila mtu nyumbani anajua asikikalie.

Ni yule mdogo wake mwalimu aliyelisema. "Nilimwambia, dada, umeuliza mji mzima. Wa tumboni mwako humuulizi? Akanijibu, 'Huyo jibu lake nalijua.' Nikamwambia, unalijua au unaliogopa? Siku tatu hakunisemesha. Mganga hajigangi, bwana."

Binti sasa ni mtu mzima. Kazi yake ni kupima macho. Ana chumba chake chenye kiti kirefu cha mgonjwa na ubao wa herufi ukutani. Siku moja mama alikwenda kupimwa miwani. Binti mwenyewe amenisimulia.

"Nilikuwa namwekea kioo, namuuliza, hiki au hiki? Anajibu. Hiki au hiki? Anajibu. Nikaweka cha tatu. Badala ya kujibu, akasema, 'Mwanangu, kwa nini uliacha?' Sikumuuliza niliacha nini. Sote wawili tulijua."

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

Binti akasema: "Nilimwambia, mama, wenzangu walikuja kwako kujifunza, halafu wakaenda kwao kukosea. Mimi kwetu ndiyo hapo hapo. Nikigusa piano nikiwa peke yangu, uko jikoni unakaanga vitunguu, nakosea nota moja, nasikia, 'Siyo hiyo!' Nakosea tena, 'Siyo hiyo!' Hukuwa mkali. Uliniambia kwa upendo. Lakini sikuwa na mahali pa kukosea."



Mama alikaa kwenye kile kiti na miwani ya majaribio usoni, jicho moja limezibwa. Halafu akauliza, "Na siku hizi ukikosea, unakosea wapi?"

Binti akacheka huku analia. "Hapa, mama. Tena kwenye miwani yako."

Mwalimu aliomba ruhusa ya binti yake, akaenda kuwasimulia walimu wenzake habari hiyo. Waliokuwepo wanasema hakuna mafunzo yaliyowagusa kama ya siku ile. Wengi wao walikuwa na watoto. Wengi walikuwa na majiko.

Kisha akafanya jambo jingine, kimya kimya. Alimpa binti yake ufunguo wa nyumba, akamwambia, "Jumamosi mchana mimi sipo." Hakusema zaidi. Na kweli, kila Jumamosi mchana alivaa viatu akatoka. Alikwenda sokoni hata kama hana cha kununua. Alikwenda kwa mdogo wake, akamkalia karakanani, akamchelewesha kazi.

"Mimi nilikwenda kulala," anasema binti. "Kweli kabisa. Nyumba tulivu, kochi zuri. Miezi nililala tu. Mama akirudi ananiuliza habari za kazi, habari za watoto. Siku moja nikafungua piano. Nilipiga ovyo, vidole vimekuwa vya mbao. Jumamosi iliyofuata nikapiga tena. Yeye hakuwahi kuniuliza ninafanya nini mle ndani. Mtu aliyekuwa anauliza kila kitu."

Ndipo maradhi yakazidi. Moyo ulidhoofika, miguu ikavimba, kutoka nje kukawa hakuwezekani. Jumamosi ilipofika binti alikuja na ufunguo wake, akamkuta mama kalala chumbani, mlango uko wazi.

"Nilisimama sebuleni sijui nifanye nini. Nikitoka, atajua. Nikikaa, atasikia. Mwishowe nikaketi. Nikapiga ule wimbo niliouachia njiani nikiwa na miaka kumi na minne. Nikafika pale pagumu, nikakosea. Nikangoja. Kimya. Nikarudia, nikakosea vibaya zaidi. Halafu nikasikia kutoka chumbani, mama anacheka. Hakuwa ananicheka mimi. Alicheka kama mtu aliyeletewa habari njema. Na mimi nikacheka, nikaendelea mpaka mwisho, na makosa yangu yote."

Alipiga Jumamosi nyingine kadhaa. Mama alisikiliza kutoka kitandani. Asubuhi moja hakuamka.

Kwa binti yake, kwa mdogo wake ambaye alicheka sana nami kisha akaniomba nimwache kidogo asimame dirishani, kwa wajukuu, na kwa walimu wote waliopita kwenye ile sebule na ule ukumbi: poleni sana. Msiba huu ni wenu, nasi tumekuja kukaa nanyi. Mola awape subira, naye apumzike kwa amani.

Na kwako unayesikiliza. Labda hufundishi piano. Labda unafundisha ushonaji, hesabu, udereva, au unalea tu. Fikiri juu ya mtu mmoja aliyekuwa anajifunza kwako, akaacha. Unamjua. Jina lake limekujia sasa hivi. Mtafute, umuulize kwa nini. Akianza kujibu, usijitetee. Msikilize mpaka amalize.