Miasmini ya Mzee Zaki

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Mzee Zaki Mselem anastaafu baada ya kushika mkasi kwa miaka thelathini na minne katika bustani ya zahanati yetu ya uzazi hapa Kizingo. Niliombwa niandike wasifu wa furaha. Nitajaribu, ila naogopa, na sababu mtaijua.

Mzee Zaki ni mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale. Aliajiriwa kufagia ua, nao ulikuwa vumbi tupu. Akaleta kutoka kwao vipandikizi vitatu vya mwasmini ndani ya kopo la maziwa. Leo vichaka ni kumi na tisa, na desturi yetu yajulikana: hakuna mama anayetoka hapa na mtoto wake bila kikuba, kile kishada kidogo cha asmini, kilichobanwa kifuani kwenye leso yake.

Ni mpole, mradi usikaribie vichaka vyake na ndoo. Daktari wetu mkuu aliwahi kufukuzwa bustanini kwa kumwaga chai baridi kwenye shina. Aliondoka akiomba radhi.

Mwaka 2018 alikwenda kuhiji, akaniachia miasmini mimi, Rispah wa mapokezi, mtu wa bara niliyelelewa katika mahindi. Nikailisha kama mahindi: mbolea ya chumvichumvi kila wiki, maji asubuhi na jioni. Vichaka vikanenepa, majani yakawaka kijani, na havikutoa hata ua moja. Bi Jannat, aliyekuja kumchukua mkaza mwanawe, alikaa mapokezi na mjukuu mapajani hadi adhuhuri, akakataa kumtoa mtoto mlangoni bila asmini. Alisema ni nuksi, nami nilimwamini. Ikabidi bawabu wetu Sammy atumwe sokoni Marikiti kununua kikuba.

Mzee aliporudi hakunikaripia. Alipogoa kila kichaka hadi usawa wa goti, kisha akakata maji siku kumi. Majani yaliyobaki yakalegea. Nilikuwa nachungulia dirishani nikiwa na hakika kwamba nimeua bustani nzima. Akaniambia kwa Kimvita chake: "Wata uone ndaa kidogo, mwanangu. Mti ukishiba sana hauzai." Wata ni wacha, ndaa ni njaa. Siku ya kumi na moja akavipa vichaka jivu la kuni, samadi kuukuu ya mbuzi, na maji. Baada ya wiki tano ua mzima ulinukia.

Mwezi wa Septemba alinikabidhi mkasi, na tangu hapo hagusi kitu. Nimepogoa mwenyewe, nimekata maji, nimelisha. Leo ni Jumanne, karatasi hizi zinakwenda kwa mchapaji, na matumba ni madogo kama punje za mchele, yote yamefumba. Kile kichaka kikongwe cha langoni hakijachipua kabisa. Mawingu ya vuli yametanda, na mvua ikipiga kwa kishindo matumba yatapukutika. Namwendea Mzee kumuuliza, naye hutabasamu tu, akaniuliza hali ya nyumbani.

Tulitaka kumnunulia saa. Amekataa. Ameomba kitu kimoja: atoke langoni na kikuba, kama wanavyotoka kina mama.

Ahsante, Mzee Zaki, kwa kila mtoto uliyemsindikiza kwa harufu njema. Mola akupe afya na siku za raha huko Kibokoni, nasi tusikie habari zako za kheri.

Nanyi wageni wetu, mkisoma haya, mtazameni kifuani. Mkiona asmini, njooni mnipe mkono. Mkiona patupu, msimuulize yeye. Nitakuwa bustanini.